Taa za Harusi Chini ya Kabati la Jiko

Saa moja asubuhi, ghorofa ya tatu, Malan Sonawane anasugua sufuria ya maziwa kwa mkono mmoja. Ameibana kwa kiwiko cha kulia kwenye ukingo wa sinki, kama mtu aliyembana mbuzi asitoroke, na mkono wa kushoto unazunguka na waya wa kusugulia.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimejikunja ndani ya kiganja. Havifunguki tena.

"Sufuria zimenidharau," anasema, akicheka kidogo. "Zamani zikinisikia ngazini tu zinatetemeka."

Kicheko hakikai. Anainua macho kwenye dari. Juu ya dari hiyo, ghorofa ya tano, kuna jiko litakaloogeshwa kesho kwa ajili ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Kuna mtu ataingiza mkono wenye maji chini ya kabati la jiko hilo. Malan anajua kilichomo humo, na ndicho kilichomfunga vidole.

Hapa Nashik, India, wiki ya Diwali ikikaribia hakuna jiko linalobaki na vumbi. Makopo yote huteremshwa, masizi hukwanguliwa, kisha maji humwagwa kwa kopo kuanzia juu ukutani, yateremke kwenye vigae, yapite juu ya kaunta, yaishie kwenye tundu la sakafuni. Kupangusa kwa kitambaa si kuosha. Muulize mama mkwe yeyote.

Desturi hiyo ni ya tangu majiko yalipokuwa na kuta na rafu tupu. Siku hizi yana makabati, na chini ya makabati watu wanaweka taa. Maji bado yanamwagwa vilevile.

Malan ana miaka arobaini na mitatu. Mumewe, Popat, anabeba magunia soko la vitunguu. Binti yao Kalyani ana miaka kumi na minane. Kwa kila nyumba Malan hulipwa rupia elfu moja na mia tano kwa mwezi. Alipokuwa na mikono miwili alikuwa na nyumba tano katika jengo hili.

Nyumba ya ghorofa ya tano ni ya Ujwala Pethkar, mke wa mwenye duka la dawa. Malan humwita Shemeji, kama wafanyakazi wote wa jengo wanavyowaita wenye nyumba zao.

Shemeji alitengenezewa makabati mapya mwaka ule alipomuoza kijana wake mkubwa. Makabati yalikuwa mazuri, lakini yalitupa kivuli kwenye ubao wa kukatia mboga. Akataka taa chini yake. Fundi akamwambia anunue zile za umeme mdogo, zenye kisanduku cha kupunguza nguvu. Shemeji akaona hasara ya nini, wakati rola zima la taa za harusi, zile zilizoning'inia barazani siku tatu, limebaki ndani?

Wakakata kipande. Fundi mwingine wa mtaani akakibandika chini ya makabati, ncha iliyokatwa akaizungushia utepe, waya akauunga kwenye swichi ya ukutani. Jioni ile majirani walikuja kutazama.

"Hata mimi nilizisifu," anasema Malan. "Nilimwambia, Shemeji, sasa mchele unachambuliwa usiku kama mchana."

Taa za harusi zinakula umeme wa ukutani moja kwa moja. Zimetengenezwa zining'inie juu, mahali ambapo hakuna mtu atakayezipapasa kwa kitambaa kilicholowa. Na yule fundi wa mtaani aligeuza nyaya: swichi ikawa inakata waya wa kurudi, na wenye moto ukabaki na moto wake. Ukizima, taa zinakufa, giza tii. Umeme umo.

Siku ya kuosha, Diwali ya mwaka jana, Malan alizima.

"Andika hivyo," ananiambia, na sufuria anaiweka chini. "Watu wote wanasema Malan alisahau. Malan hakusahau. Nilizima, nikatazama, nikaona giza, ndipo nikamwaga maji."

Aliinua kitambaa kupangusa chini ya kabati. Mkononi alikuwa na bangili za kijani za kioo, bangili za mke wa mtu, na katikati yake moja ya shaba aliyopewa na mama yake. Shoti ilimpiga akashindwa kuachia. Hakupiga kelele, kwa sababu taya zilikuwa zimebana. Shemeji, chumba cha pili, alisikia bangili za kioo zikipasuka akadhani glasi imeanguka. "Vunja zote basi!" alipaza sauti.

Alipoingia alimkuta sakafuni, kwenye maji. Ile ya shaba ilikuwa imezama kwenye nyama.

"Si watu wabaya," Malan anasema. "Walinipeleka hospitali. Walileta machungwa. Kalyani wakampa nyumba yangu, hawakumpa mtu mwingine."

Na taa? Ncha ilizungushiwa utepe mpya. Mpaka leo zinawaka.

Mwaka mzima Kalyani aliosha vyombo tu katika jiko lile, na mama yake alikuwa akihesabu pumzi mpaka binti arudi. Mwezi huu Diwali ilipokaribia, Malan alipanda ngazi mwenyewe.

"Shemeji, zile taa."

"Taa gani tena? Umeanza, Malan."

"Zitolewe kabla mtoto hajamwaga maji."

"Zimefungwa vizuri. Na Kalyani ana macho, hana pupa kama wewe. Azime, aoshe, basi."

"Mimi nilizima."

"Mh! Wimbo huo. Nizitoe, wageni wa Diwali waje waangalie madoa ya gundi?"

"Basi zima umeme wa nyumba nzima, saa mbili tu."

Shemeji alionyesha mlango wa chumbani. Mama mkwe wake amelala humo na mashine ya kumsaidia kupumua, na usiku na mchana haizimwi. "Sasa unataka nimuue mzee wa watu ili wewe ulale usingizi?"

Malan alifunga mlango nyuma yake. Akashuka. Njiani ndipo wazo likamjia: kama Shemeji hataki jiko la giza, basi apewe taa nyingine.

Popat alipolisikia nusura apaliwe na mkate wa uwele. "Yaani sisi, ambao kabati letu ni msumari ukutani, tumnunulie taa mke wa mwenye duka la dawa? Mwanamke, umeme ule uliingia mpaka kichwani."

"Mama, watu watatucheka," Kalyani alisema.

"Wakicheka mikono yako mizima, wacha wacheke."

Alitoa fedha alizoweka kwa ajili ya sari ya Diwali ya binti yake. Urefu wa makabati alikuwa amekwisha kuupima kwa uzi wa kutungia maua, alipokwenda kumsaidia Kalyani kuosha vyombo.

Dukani kwa mzee Kantilal, muuza taa wa mjini, aliuweka ule uzi mezani.

"Jiko lako, dada?" mzee aliuliza, akimtazama miguu, ndala na vumbi.

"La kwangu."

"Hongera. Unataka nyeupe au ya manjano?"

"Nataka isiyoua."

Mzee aliacha utani. Alimtolea taa ya utepe ya volti kumi na mbili, iliyovishwa mpira mzima mzima, na kisanduku chake. Akamweleza polepole, na Malan akarudia kila neno kama mtoto wa madrasa. Kisanduku kikae juu ndani ya kabati, mbali na maji. Utepe ubandikwe ukingo wa mbele wa kabati, mwanga uangukie kisu na vidole. Ukibandikwa nyuma utaangaza ukuta, na ukuta haukati kitunguu. Ncha ifungwe kwa kifuniko chake. Si kwa utepe wa gundi, maana huo ukipata mvuke wa chungu huachia.

Malan alichagua nyeupe, ili mtu ayaone maji yalipo. Bei ilipita kidogo mshahara wa nyumba moja wa mwezi. Mzee akakata kwa kufuata uzi.

Shemeji alifungua boksi, akawasha, akakunja uso. "Nyeupe! Jiko langu la rangi ya krimu litaonekana kama chumba cha maiti."

Malan alirudi mjini. Mzee Kantilal alinung'unika kwamba kilichokatwa hakirudi, mwishowe akambadilishia, akipokea nyongeza. Sasa ilikuwa ya manjano.

"Hii inapendeza," alisema Shemeji, na Malan akaona mzigo umeshuka. "Nitampigia fundi."

Fundi alisema yuko juu ya paa la mtu anafunga taa za sikukuu, na baada ya hapo ana mapaa mengine. Atakuja Diwali ikipita. Mafundi wote wa mji walikuwa juu ya mapaa.

"Basi jiko lioshwe Diwali ikipita," alisema Malan.

Shemeji alimtazama kama aliyetukanwa. "Lakshmi aingie nyumba chafu? Wewe ndiye utakayemwambia mungu asubiri fundi?"

"Tupanguse kwa kitambaa kikavu mwaka huu tu."

"Niipanguse Diwali kama meza ya hoteli? Malan, nimekuvumilia. Kalyani aje aoshe, kama jiko linavyooshwa kila mwaka."

"Kalyani hataosha."

"Basi asije kabisa."

Hayo yalikuwa juzi. Jana asubuhi nyumba ya ghorofa ya nne nayo ilimwambia Kalyani apumzike. Maneno ya ngazini hayahitaji miguu. Wamebaki na nyumba mbili, na hii ya ghorofa ya tatu ni mojawapo. Boksi la taa Shemeji alilirudisha. Liko nyumbani, juu ya gunia la mchele.

 Jioni Popat alimpa binti yake nusu ya mkate wake, akatoka kwenda kukaa nje.

Akina mama mnaosoma haya, msije mkadhani kisa kimeishia kwa Kalyani kuokoka. Jana mchana ghorofa ya tano ilipata mwoshaji mpya. Anaitwa Sarika. Ana miaka kumi na saba, anakaa mtaa uleule wa akina Malan, na mama yake, Hirabai, amewaambia watu wote kisimani kwamba mwanawe kapata nyumba ya watu wakubwa. Kesho asubuhi Sarika ataambiwa: zima, mwaga maji, pangusa na chini ya kabati.

Nanyi wenye makabati, inameni leo mtazame chini yake. Kama kuna taa za harusi, zimeni umeme wa nyumba nzima mziondoe, msingoje fundi ashuke paani.

Malan anamaliza sufuria, anaifunika, anakausha mkono kwa ncha ya sari. Amepanga kwenda kwa Hirabai mchana huu, na boksi lake. Atalitoa bure, Sarika alipeleke kwa Shemeji kabla hajamwaga maji. Akikataliwa boksi, ataomba jambo moja tu: msichana aoshe kuta zote isipokuwa ule wa makabati.

"Atasema umekuja kwa wivu," Kalyani, aliyekuja kumsaidia kubeba taka, anamwambia. "Atasema tumefukuzwa, sasa tunamharibia mwanawe riziki."

"Atasema."

"Atakutukana, Mama. Unamjua mdomo wake."

"Namjua," anasema Malan, akivaa ndala. "Nitakaa mlangoni mpaka achoke kutukana. Mtu akichoka, husikia."