Jina Nililoweka Kwenye Tanbihi

Siku ya kwanza darasani, Mkufunzi wa Historia hakutusalimu. Aliandika ubaoni majina ya wafalme thelathini wa Uingereza, akatupa muda mfupi tuyakariri, kisha akafuta. Tulikuwa wasichana kumi na wanane katika chuo cha walimu karibu na Nakuru, wengi wetu watoto wa vibarua wa mashamba ya Wazungu. Mimi nilikumbuka tisa.

"Tisa," alisema. "Na wale wafalme wengine walikukosea nini?"

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kukariri hivyo tu: wafalme, wavumbuzi, reli. Wa pili ndio ulionivuruga akili. Alitufundisha kwamba chanzo cha kwanza ni mtu au karatasi iliyokuwepo jambo likitendeka, na chanzo cha pili ni aliyesikia baadaye. Tanbihi ni ule mstari mdogo chini ya ukurasa unaosema habari umeitoa wapi. "Sentensi isiyo na tanbihi ni umbea," alituambia. Nikawa mtu wa kuuliza kila kitu: nani alisema, alikuwepo? Likizo mama alichoka nami. "Hata uji utauliza nani ameukoroga?"

Wachache tulichaguliwa kwenda kozi ya juu. Kazi yake kubwa ilikuwa insha ndefu juu ya mahali ulipozaliwa, kutoka kwa mashahidi walioona kwa macho. Ukifaulu, unapewa historia madarasa ya juu. Ukianguka, unapelekwa kufundisha watoto kuhesabu vijiti.

Nilirudi Dundori, nilikozaliwa, na barua ya chuo mkononi, maana wakati ule wa Hali ya Hatari huwezi kuvuka shamba bila ruhusa. Baba alikuwa mkamuaji katika shamba la Mzungu. Tukipalilia viazi vyetu nyuma ya nyumba, alinisimulia kifagio, vile Wazungu walivyofagia mifugo ya vibarua mashambani. Alikuwa kijana. Alisema mbuzi wake walichukuliwa asubuhi moja, na mwenye shamba akasimama getini akicheka vile nyanya yangu alikuwa akiwaita mbuzi hao kwa majina.

"Lakini mimi usiniandike," alimaliza.

"Baba, lazima. Ni sheria ya historia."

"Hiyo sheria itatupa nyumba tukifukuzwa hapa?"

Mwenye shamba alikuwa bado ni yule yule. Nikaandika kila neno, jina la baba nikaliacha.

Mkufunzi alisoma na kalamu nyekundu mkononi, hakuitumia. "Hii ni kazi," alisema. "Shahidi wako ni nani?"

"Ni mzee mmoja, bwana."

"Mzee mmoja si mtu. Niletee jina kesho, ama nitakupa sifuri."

Mzee Kariuki alikuwa amekamua ng'ombe bega kwa bega na baba miaka mingi, na alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nilijiambia maiti hafukuzwi shambani. Nikaandika jina lake, mwandiko ukakaa sawasawa.

Insha ilikuwa ya kwanza. Siku ya wageni, Mkuu wa Chuo aliiweka mezani ukumbini, na kati ya wageni walikuwa wakulima wa Kizungu, na yule wa shamba letu akiwemo. Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya chai. Nilimwona akisoma akiwa amesimama, kidole kikishuka mpaka chini ya ukurasa.

"Kariuki," alimwambia Mkuu wa Chuo. "Na nilimdhani mtu mpole."

Baada ya majuma mawili barua ya nyumbani ilifika. Mama Wambui, mjane wa Kariuki, ambaye alikuwa ameachiwa nyumba kwa sababu anachuma maua ya pareto shambani, alikuwa amepakiwa kwenye lori la shamba na watoto wake, akarudishwa rizavu, ile ardhi waliyotengewa Waafrika. Wambui, binti yake, ndiye niliyekua naye. Baba hakuniuliza lolote katika barua ile. Aliandika tu kwamba nyumba yao imeshabomolewa.

Nilimwendea Mkufunzi siku hiyo hiyo. "Bwana, tanbihi yangu ni ya uongo."

Alifunga kitabu chake. "Nikifuta jina hilo, niandike lipi?"

Nilikunja barua ya nyumbani, nikaitia mfukoni.

"Basi nenda ukafundishe," alisema, na hakunitazama tena.

Nilifundisha. Nilianza shule ya shamba huko Njoro, nikahamishiwa Molo, kisha mjini Nakuru. Mwalimu Mkuu wa Molo aliwaambia wakaguzi hajaona mtu anayefundisha ushahidi kama mimi. Siku ile niliomba ruhusa, nikasema naumwa.

Baada ya uhuru nilimtafuta Mama Wambui, nikampata upande wa Murang'a, amejitwika majani ya ng'ombe. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama njiani.

"Kwa hivyo mume wangu hakusema?"

"Hakusema, mama. Ni baba yangu."

Alitua mzigo. "Watoto wangu wamelala njaa hapa. Kitu kimoja kiliwashika: kwamba baba yao alimsema Mzungu, akaogopwa hata akiwa kaburini. Sasa hicho nacho unataka kuwanyang'anya?"

"Sitaki, mama."

"Basi nyamaza. Si unajua kunyamaza?"

Walimu vijana huniuliza kama kustaafu kumenipumzisha. Hakujanipumzisha. Mama Wambui alishafariki, na baba pia. Wambui mwenyewe alirudi Nakuru, sasa ni nyanya kama mimi, na kila Krismasi huja kwangu na wajukuu, akawasimulia habari za baba yake na mbuzi wale mbele yangu. Kila Krismasi nimeamua kumwambia, na kila Krismasi nimemkatia keki. Mama yake alinikataza, na nilimheshimu. Lakini mbuzi wale walikuwa wa baba yangu, na hakuna mtoto hata mmoja anayejua.

Mwaka huu nimeandika kwanza. Wambui akifika, nitampa karatasi hizi azisome akiwa bado hajavua koti, ili akitaka kuondoka, asipate shida.