Isale Aliyong'oa Binti Yangu

Kazi yangu ni kuongoza watalii mlimani. Wageni wakija na watoto, kampuni hunikabidhi mimi, eti nina subira nao. Nawaonyesha mbega, nawapa majani wanuse, tunavuka vijito peku. Wangu wa kumzaa, wa miaka tisa, nilimfungia ndani ya nyumba yetu ya mjini, Pasua. Amri ilikuwa yangu: akitoka shule, geti lifungwe, awashiwe televisheni. Nilisema naogopa magari na matope. Ukweli ni kwamba nilikuwa nachoka, na mtoto aliye ndani hasumbui.

Likizo ya Desemba nikampeleka kwa mama yangu, huko juu mlimani. Asubuhi bibi yake alimtuma maua ya kuweka mezani. Alisimama ukingoni mwa kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, anaogopa kuchafua viatu. Nikamkaripia, "Ingia bwana, hakuna simba humo!"

Akaingia. Alirudi anacheka, magoti yamejaa udongo, amekumbatia miche minne na mizizi yake. "Bibi, nimekuletea maua!"

Ilikuwa isale ya mpakani, kati yetu na baba mdogo. Kwetu isale haing'olewi. Ndiyo inayoonyesha shamba la mtu linapoishia, na jani lake ndilo unalompelekea mtu unapomwomba msamaha. Niliinua mkono nimchape. Mama akaudaka.

"Kosa ni la nani?" aliniuliza. "Watoto wa watu unawafundisha hadi magome ya miti. Huyu wako hajui isale!"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikachukua jani moja, nikamshika mtoto mkono, tukaenda kwa baba mdogo. Tulimpa shikamoo, nikamwambia mkosaji ni mimi. Alilipokea, maana jani hilo halikataliwi, akatusindikiza mpakani.

Tulipiga magoti tukairudisha ile miche. Nilimwonyesha binti yangu namna ya kushindilia udongo, nikamtajia ndege aliyekuwa akilia juu yetu, na mti ambao babu yake alikuwa akitundikia mizinga ya nyuki. Alisikiliza, kisha mikono yake ikasimama.

"Baba, kumbe unajua vitu vyote hivi?"

"Najua."

"Sasa mbona hukuwahi kuniambia?"

 Nikaendelea kushindilia udongo ambao ulikuwa umeshakaa vizuri.