Kufuli la Wifi Yangu

Jarida la tawi letu lina ukurasa uitwao Mjue Mwenzako, na kwa desturi ya chama chetu cha wafanyakazi wa umeme ukurasa huo huandikwa na mwakilishi wa usalama. Mwakilishi wa usalama sasa ni mimi. Nimepokea ujumbe kumi na saba wa wanachama wakitaka robo hii nimwandike Chapchap wa kitengo cha nyaya. Wote Chapchap, Chapchap. Haya. Chapchap ni wifi yangu, dada wa mume wangu kwa baba na mama, na hakuna anayemjua kuliko mimi. Mmetaka wenyewe.

Alikuja kukaa kwetu alipomaliza shule, akiwa na begi moja na ndala ambazo kanda ya moja ilikuwa imefungwa kwa kipande cha waya. Nilipaswa kujua tangu hapo. Wakati huo mimi nilikuwa na mwaka wa tatu katika karakana ya mita. Nilimlaza chumba kimoja na wanangu, nikampeleka mwenyewe kwenye usaili wa chuo cha ufundi, na jioni tulikaa mezani nikimfundisha kumenya waya kwa plaizi bila kuikata shaba ya ndani. Aliikata kila mara. Testa yake ya kwanza ya kupimia umeme ilikuwa yangu. Nayasema haya ili yajulikane, maana watu wakishamwona mtu juu ya nguzo hawaulizi nani alishika ngazi.

Jina la Chapchap alipewa wiki ya kwanza kazini. Msimamizi alikuwa bado anaeleza kazi, yeye yuko juu ya nguzo anauliza aanze na waya upi. Mimi naitwa Kanuni. Nami najua kwamba hakuna anayempa jina hilo mtu anayempenda.

Wifi yangu ana nyota, basi. Nikipika mimi, chakula kinaliwa. Akipika yeye, kinasifiwa. Wanangu wakisikia sauti ya shangazi yao getini wanakimbia na viatu mkononi. Mimi nikirudi wananiuliza kama nimekumbuka kununua sabuni. Sebuleni kwa mama mkwe, kwenye msumari ukutani, kulikuwa na cheti changu cha miaka kumi ya uanachama, nilichompa kwa moyo mweupe. Siku moja nikakuta pale kwenye msumari uleule picha ya Chapchap iliyokatwa kwenye jarida, na cheti changu kimelala juu ya kabati. "Ukuta ule una msumari mmoja tu, mwanangu," aliniambia mama. Ni kweli. Niliuhesabu.

Na picha ile ilitokana na nini? Na glavu. Glavu za kazi zilikuja saizi moja, ya wanaume wenye mikono kama majembe, na sisi wanawake tisa wa tawi tulikuwa tukifanya kazi vidole vikiogelea. Nilimwandikia meneja barua tatu kwa miaka miwili, zenye namba za kumbukumbu na nakala kwa mwenyekiti wa tawi. Siku moja Chapchap akaingia ofisini kwa meneja amevaa glavu zake, akakaribishwa chai, akakishika kikombe kwa glavu zilezile. Kikombe kikaanguka, chai ikamwagika juu ya kalenda ya meneja. Wifi yangu akasema, "Samahani, bosi. Huko juu huwa ninashika waya kwa hizi." Meneja alicheka mpaka akatoa leso. Glavu ndogo zilifika baada ya wiki mbili, na hadi leo stoo wanaziita glavu za Chapchap. Barua zangu ziko kwenye faili la kijani, kabati la pili. Hakuna aliyeziulizia.

Mtaniambia wivu. Ndiyo, ni wivu. Nimeishi nao miaka kumi na tano, nimeupikia na kuufulia.

Kuna kifaa lazima nikieleze, kwa kuwa jarida hili linasomwa pia na wake na waume wa wanachama. Fundi akizima swichi ili aguse nyaya, hutia kufuli lake kwenye mkono wa swichi, lenye kibao cha jina lake, na ufunguo anakaa nao mfukoni. Hakuna wa kuwasha mpaka yeye mwenyewe ashuke alifungue. Chama kilipigania makufuli hayo miaka minne, baada ya mwenzetu mmoja kufa juu ya ngazi kwa sababu aliye chini alidhani kazi imekwisha. Maana yake haina utata: swichi yenye kufuli ina mtu, swichi tupu haina mtu. Kila kufuli huandikwa kwenye kitabu, saa na mahali na jina la mwenyewe. Mimi ndiye niliyedai kitabu hicho kiandikwe kwa kalamu ya wino, kurasa zake zipigwe namba, na mstari usifutwe kamwe. Walinicheka sana.

Kiti cha mwakilishi wa usalama hukaliwa miaka mitatu mitatu. Kwa miaka tisa nilikuwa msaidizi wa mzee aliyekishika. Mimi niliandika taarifa, yeye akatia sahihi. Alipostaafu nilijaza fomu siku hiyohiyo. Wiki mbili baadaye vijana wa nyaya wakampendekeza Chapchap, na yeye hakuwa ameomba. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mimi nilikitaka kiti mpaka nikakonda, yeye kikamfuata nyumbani.

Alikuja kwangu jioni ile, akavua viatu mlangoni kama kawaida yake. "Wifi, wameniweka jina. Nikatae?"

"Usikatae, wifi. Mkutano ndio utaamua."

Nikacheka. Nilicheka mpaka mashavu yakaniuma, na usiku ule sikuweza kula.

Jumamosi kabla ya uchaguzi tawi lilikwenda kutengeneza nyaya za shule ya msingi, kazi ya kujitolea tunayoifanya kila mwaka. Tuligawana: kundi moja pampu ya maji, jingine jikoni, na Chapchap peke yake akapewa madarasa ya upande wa mashariki, maana yeye, walisema, anatosha watu watatu. Mimi nilikuwa na kitabu cha makufuli.

Saa nne na dakika kumi niliingia chumba cha swichi kukagua. Swichi ya pampu ilikuwa na kufuli. Ya jikoni ilikuwa na kufuli. Ya mashariki ilikuwa imezimwa, na mkono wake mtupu. Kupitia dirisha nilimsikia wifi yangu ndani ya dari la darasa la tatu, akiimba.

Nitaeleza nilichofanya kwa mpangilio, kama tunavyofundishana kuandika taarifa. Kwanza nilifurahi. Furaha ilinipanda kutoka tumboni, ya moto, kama mtu aliyekunywa kitu. Pili nilifungua kitabu nikaandika: saa nne na dakika kumi, madarasa ya mashariki, hakuna kufuli, fundi Chapchap yuko juu. Tatu nilitoka nje nikakaa kwenye benchi.

Kufuli langu lilikuwa kiunoni. Kulitia kungechukua muda wa kupiga chafya.

Nilijiambia kwamba nalinda. Atakayeingia lazima apite mbele yangu, nilijiambia, kwa hiyo hatari haipo. Lakini mlinzi hutazama mlango. Mimi nilikuwa nikitazama kitabu, nikipanga jinsi nitakavyousoma mstari ule mkutanoni Jumatano, kwa sauti ya upole yenye huzuni kidogo. "Ndugu wanachama, inaniuma kusema." Niliirudia mara tatu, mpaka hiyo "inaniuma" ikakaa vizuri mdomoni.

Mzee mmoja wa kundi la pampu akapita akanisalimu. Niliitikia bila kuinua kichwa. Nikasikia kufuli lake likifunguka ndani, kisha sauti yake: "Kanuni, hawa wa mashariki nao wamemaliza? Naona swichi tupu. Ngoja niwashe zote mbili kwa pamoja."

Sikumbuki kuvuka kizingiti. Nakumbuka mkono wa mzee juu ya mkono wa swichi, na bega langu likimsukuma. Nilitia kufuli langu, nikalibana, na ufunguo ukaniponyoka ukaanguka chini.

"Kuna mtu?" mzee akauliza.

"Yupo."

"Nani?"

"Wifi yangu."

Mzee aliketi palepale sakafuni, akashika kichwa. Mimi, kwa mazoea ya mkono, nikaandika mstari wa pili: saa nne na dakika ishirini na mbili, madarasa ya mashariki, kufuli la Kanuni.

Chapchap aliposhuka, nywele zimejaa vumbi la dari, alikuta kufuli langu mahali pa lake. Akajipapasa mfuko wa ovaroli, akatoa lake, akalitazama. Alikuwa ameitwa na mwalimu mmoja amsaidie kusogeza meza, kisha akapanda moja kwa moja. Haraka haraka, mnajua wenyewe mwisho wake.

Kwa siku nne mimi nikawa ndiye Chapchap. Mzee wa pampu alieneza habari tawi zima, na kila alipoisimulia nilikuwa nimekimbia mbali zaidi. Vijana wa nyaya walinipisha foleni ya chai. Mama mkwe alinishika mikono yote miwili akasema, "Mwanangu, leo umenizalia mtoto." Alipigilia msumari wa pili, cheti changu kikarudi ukutani. Nami nikapokea vyote. Sifa ni tamu, na mimi nilikuwa na njaa ya siku nyingi.

Jumapili, tukiwa hapohapo sebuleni, wifi yangu aliniomba kitabu. "Nataka kuona kosa langu kwa wino," alisema. Nilimpa bila wasiwasi, kichwa changu kikiwa kwenye mstari wa pili tu. Aliusoma ukurasa. Kidole chake kilishuka mstari mmoja, kikapanda, kikashuka tena. Kisha akakifunga kitabu akanirudishia.

"Una mwandiko mzuri, wifi," akasema, akaenda kumsaidia mama kuanika nguo.

Jumatano, mbele ya wanachama sitini na mmoja, Chapchap alisimama akajiondoa. Alisema alisahau kufuli, na mtu anayesahau kufuli hafai kulinda wenzake. Alisema yuko hai kwa sababu ya kufuli la wifi yake. Mikono yote ilinyanyuka kunichagua, na mwenyekiti akanikabidhi funguo za ofisi. Hata hapo, nawaambia, roho iliniuma kuona jinsi alivyopigiwa makofi kwa kushindwa kuliko mimi kwa kushinda.

Tulibaki wawili tukiosha vikombe. Aliosha, mimi nikafuta.

"Wifi," akasema, macho yake yakiwa kwenye maji, "mimi nilisahau. Wewe hukusahau."

Kikombe nilichokuwa nacho nilikifuta mpaka mkono ukachoka. Nikamuuliza kwa nini hakusema mkutanoni. Nikamuuliza kwa nini kaniachia kiti.

"Kwa sababu wewe hutaona tena swichi tupu ukakaa chini," alisema. "Katika tawi zima ni wewe tu ninayemwamini kwa hilo. Mwingine yeyote sijui atafanya nini." Akanipa kikombe kingine. "Na cheti chako mama akikishusha tena, niambie. Nitampa picha yangu ndogo zaidi."

Wifi yangu ndiye huyo mliyetaka mjue. Ni mwepesi, ni msahaulifu, anaimba vibaya ndani ya madari, na amebeba jambo ambalo mimi nisingelibeba hata siku moja kwa ajili yake. Mwezi wa pili sasa, anakuja kwangu, anavua viatu mlangoni, anakula, anacheka na wanangu, na hajalitaja tena. Nilidhani nitamshukuru. Kumbe namwonea wivu kuliko zamani, maana glavu ningeweza kuzipata kwa barua ya nne, lakini moyo kama huo unaombwa ofisi gani?

Kwa hiyo nimeamua kumshinda kwa kitu kimoja tu, kuandika. Mkutano wa robo ni Jumatano ya mwisho wa mwezi, na funguo za ofisi nitakuwa nazo mkononi kwa yeyote mtakayempa. Kati ya mstari wa kwanza na wa pili kuna dakika kumi na mbili, na zote ni zangu. Ukurasa ni wa arobaini na moja. Kitabu kiko kabati la pili, juu ya faili la kijani, na kwa mujibu wa kanuni kila mwanachama ana haki ya kukisoma.