Sauti ya Mama Yake Kalunde

Nakumbuka siku mwalimu Kalunde alipoifuta sauti ya marehemu mama yake kwa vidole vyake mwenyewe, mchana kweupe, katika chumba kilichojaa watu waliojua anachokifanya. Walijua, na walikuwa wanacheka.

Mwanangu, nimeanza na hilo kwa makusudi. Kila ninapoanzia mbali, msikilizaji hupata nafasi ya kuandaa visingizio kabla sijafika mwisho. Sasa unajua kilichotokea. Ngoja nikueleze kilivyotokea.

Wakati huo sikuwa na mvi hata moja. Hapa Tabora mjini, kata ya Cheyo, tulikuwa na kundi la watu waliopenda Linux, ule mfumo wa kompyuta ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuchukua bure, kuufungua, kuurekebisha na kumpa jirani. Tulikutana Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa, ambacho mwenye duka, Mwarabu wa hapa hapa mjini, alituazima kwa sababu alipenda kelele zetu. Intaneti ilikuwa ya kusuasua, na programu zilitufikia kwenye CD kutoka Dar es Salaam. Mtu akikwama alifunga kompyuta yake nyuma ya baiskeli, boksi na kioo chake, akaja nayo. Hakukuwa na kampuni ya kupigia simu wala ofisi ya kulalamikia. Tulikuwepo sisi tu. Naomba ulishike hilo, maana hasira yangu yote imekaa hapo.

Aliyejua zaidi yetu sote alikuwa Kibwana, Mzaramo aliyehamia huku kikazi. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wengi wetu tulikuwa Wanyamwezi, kwa hiyo utani haukukauka. Unajua utani wetu na watu wa njia ile ya misafara ulikotoka: babu zetu walibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani, wakalala kwa watu, wakaugua kwa watu, wengine wakazikwa na watu. Waliouguzana na kuzikana ndio waliopeana ruhusa ya kutukanana. Ruhusa hiyo haikutoka hewani.

Basi, Jumamosi hiyo akaingia Kalunde, mzaliwa wa Goweko aliyefundisha shule ya msingi hapa mjini, na kompyuta yake imefungwa kwa kanga.

"Hodi wenyewe. Shikamooni."

"Marahaba, mtani," akajibu Kibwana, ingawa walikuwa rika moja. "Umekuja kwa miguu kama babu zako, au siku hizi mmejua treni?"

"Babu zangu walitembea kwa sababu ninyi mlikuwa mnaogopa porini," Kalunde akasema, akiutua mzigo wake mezani. "Na mzigo waliobeba ulikuwa wenu."

Chumba kizima kikacheka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Mpaka hapo hakuna aliyekosea. Huo ndio utani, na mtu asikuambie kwamba bibi huyu anachukia utani.

Kalunde akaeleza shida yake vizuri, kwa utaratibu wa mwalimu. Alikuwa ameweka Linux karibuni kwa msaada wa mwenzake. Kila kitu kilikwenda sawa, isipokuwa sauti. Picha zilionekana, spika zilikuwa nzima, lakini hakuna kilichosikika. Kisha akasema jambo ambalo kila mtu mle ndani alilisikia, nami nalirudia kama alivyolisema.

"Jumamosi ijayo ni arobaini ya mama. Wajomba wanakuja na treni kutoka Goweko. Humu nimehamishia kaseti niliyomrekodi mama akiwasimulia wajukuu jinsi babu yake alivyokwenda pwani na kurudi. Kaseti yenyewe redio imeshaitafuna. Nataka ndugu zake wamsikie."

Kibwana akamsogelea, macho yakiwa kwa wenzake.

"Mtani, tatizo lenu mnapenda kubeba. Hii kompyuta imebebeshwa mizigo mpaka koo limekauka. Itue mzigo, itasema." Akamtajia amri ya kuandika, herufi moja baada ya nyingine.

Amri yenyewe sitaiandika hapa. Ni fupi. Inaiambia kompyuta ifute kila kitu ilicho nacho, na isiulize. Mtu aliyezoea mfumo huu akiiona hucheka, kama fundi umeme anavyocheka ukimwambia alambe waya. Lakini kichekesho hicho kinamhitaji mtu anayeujua umeme.

Kalunde akaandika. Kompyuta ikamwomba neno lake la siri, akaliweka. Mimi nilikuwa dirishani, nimekazia macho feni ya kompyuta nyingine niliyokuwa nikiifunga, nikasikia kicheko kile cha watu wanaosubiri kitu. Waliokuwa nyuma yake waliona kila herufi. Baadaye niliwauliza mmoja mmoja kwa nini hawakusema neno, na jibu lao lilikuwa lile lile: watani hawaamuliwi. Mtu akiwa na mtani wake, wewe wa pembeni huingii. Kibwana naye alisema alikusudia kumshika mkono kabla hajabonyeza, ila alikuwa amegeuka kucheka na wenzake.

Kalunde akabonyeza.

Mmoja wao aliruka akaizima ile kompyuta, lakini alikuwa amechelewa. Kalunde akasubiri vicheko vipungue, kisha akauliza taratibu, "Mbona mnacheka? Imefanya nini?" Akauliza tena, "Sauti ya mama iko wapi?"

"Mtani," Kibwana akasema, "sikujua utaibonyeza kweli. Nilikuwa natania."

"Ulisema itasema."

"Natania tu, mtani. Watani hawakasirikiani."

Hapo ndipo Mzee Kondo aliposimama mlangoni. Alikuwa Mzaramo pia, mstaafu wa reli aliyeoa Mnyamwezi na kubaki Tabora, na mchana wake aliumalizia kwenye baraza ya duka lile akinywa kahawa. Kompyuta hakuijua wala hakujifanya kuijua. Lakini yale maneno ya mwisho aliyasikia, na akataka kuambiwa kilichotokea. Akaambiwa.

"Kibwana," akasema, "mimi na wewe kabila moja, kwa hiyo sikutanii. Siku niliyomzika mama yangu katika mji huu, Wanyamwezi hawa walinifanyia vituko. Mmoja aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka nimpe jogoo. Mwingine alivaa kanga ya marehemu akaigiza mwendo wake mbele ya watu. Nilicheka huku nalia. Lakini kaburi alilolala yule bwana, alilichimba nani? Yeye mwenyewe, tangu alfajiri. Na maji ya msiba mzima aliyateka yule aliyevaa kanga. Wewe leo umelala kaburini kwa mama wa mtu. Jembe lako liko wapi?"

"Mzee, nimesema nilikuwa natania."

"Nimekusikia. Nimekuuliza jembe."

Mzee Kondo akatugeukia sisi wengine. "Na ninyi mnaosema watani hawaamuliwi. Hawaamuliwi wakitukanana. Mtu anaporudi nyuma kuelekea kisimani mnamtazama, mnangoja kusikia maji yakilia?"

Kisha akarudi kwenye kahawa yake.

Kibwana aliichomoa diski mbele ya Kalunde akaondoka nayo kwenda kujaribu kuiokoa. Namsifu kwa hilo, na ndilo pekee nitakalomsifia. Aliuliza mpaka kwenye mabaraza ya mtandaoni ya watu wa nje. Nilikuwepo katika chumba cha intaneti cha mjini alipofungua majibu. Mmoja alimwambia asome mwongozo. Mwingine alimwambia kwamba mjinga anayeandika amri asiyoijua anastahili alichopata. Kibwana akayasoma yote mawili mpaka mwisho. Kwenye diski alipata vipande tu: jogoo, kikohozi, mtoto akicheka, neno moja la Kinyamwezi lililokatwa katikati. Simulizi haikuonekana.

Arobaini ikafika. Wajomba wakashuka na treni, wakala, wakaomba dua, na mmoja akaulizia ile sauti waliyoahidiwa. Kalunde akasema imeharibika. Hakumtaja mtu. Kibwana alikuwepo tangu asubuhi akipasua kuni, na baada ya chakula alichuchumaa kwenye masufuria, majivu yamempanda mpaka viwikoni.

"Huyu si Mzaramo?" mjomba akauliza. "Mbona hatutanii?"

"Leo ana kazi," Kalunde akasema.

Sasa nikueleze kinachoniudhi mpaka leo. Muda si mrefu ililetwa kompyuta nyingine yenye ugonjwa ule ule. Nikaikalia kwa utulivu, nikaiuliza hatua kwa hatua kama tulivyofundishwa. Spika hazikuwa na kosa, wala kadi ya sauti. Mfumo ulikuwa umezaliwa na sauti imezimwa kwenye kidhibiti chake, na kuiwasha ilikuwa ni kubonyeza herufi moja. Herufi moja, mwanangu. Kila mtu katika chumba kile angeweza kuigundua kama angekaa na Kalunde kwa muda waliotumia kumcheka.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya kilichotokea juzi kwenye kundi letu la simu, ambalo nawe umo na wenzako. Dada mmoja anayekaa jirani na Kipalapala aliingia, akasalimia, akasema kompyuta yake ndogo imeacha kuona Wi-Fi tangu aliposasisha mfumo, na humo ndani ana kazi yote ya wateja wake wa mialiko na kadi. Akataja aina ya kompyuta. Akaweka picha ya kosa linaloonekana kwenye kioo. Mtu mwenye adabu ya kuuliza kuliko huyo sijamwona siku nyingi.

Akajibiwa nini? "Soma mwongozo." "Rudi kwenye mifumo ya kununua, huku ni kwa wanaume." "Dada, hiyo ni kompyuta au pasi?" Kisha mmoja wenu akamwekea amri ile ile. Ile ile, haijabadilika hata nukta, na chini yake vikatuni vya kucheka kama nzi juu ya embe. Wengine wakapokezana kucheka. Nikaandika: usiiandike hiyo, inafuta kila kitu. Msimamizi wa kundi akaufuta ujumbe wangu, si ule wa amri, akaniambia, "Bi mkubwa, punguza presha, tunachangamsha genge."

Genge mnalichangamsha kwa kazi ya nani?

Mnasema alitakiwa kuijua amri kabla ya kuiandika. Angeijua, angekuja kuwauliza ninyi? Mnasema ndivyo hata ninyi mlivyojifunza. Si kweli, na nina ushahidi, kwa kuwa baadhi yenu mlijifunzia kwenye meza yangu na sikuwahi kumtuma mmoja wenu aichome kazi yake ili wenzake wafurahi. Mnasema ni utani. Basi nionyesheni jembe.

Mwanangu, mfumo huu hauna mwenye duka. Anayeuchukua hapewi karatasi ya dhamana. Dhamana yake ni wewe, na mimi, na yeyote aliyetangulia kukwama pale alipokwama yeye. Akikuta tunacheka, hana mlango wa pili wa kubisha. Kwa hiyo mtanie mgeni utakavyo, umwambie kompyuta yake imezeeka kuliko reli, lakini umtanie ukiwa umeshakaa upande wake wa meza na mkono wako uko kwenye tatizo lake. Amri ambayo usingeiandika kwenye kompyuta ya mama yako usimpe mtu, hata kwa kucheka, hata kama unadhani ataielewa. Ukiona mwenzako amempa, ingilia. Usinitajie kwamba watani hawaamuliwi. Na kama umechoka kujibu swali lile lile kila wiki, nyamaza. Kunyamaza hakujawahi kufuta diski ya mtu.

Mungu akuzidishie ujuzi, na kila akuzidishiapo akukumbushe siku uliyokuwa huna. Akufanye mtu ambaye mgeni akimwona mlangoni hufungua kanga yenye kompyuta yake bila kuogopa. Wazazi wako akuwekee, na sauti zao pia.

Yule dada wa Kipalapala nimempigia, simu yake haipatikani. Nimemwandikia pembeni, ujumbe haujafika. Sijui kama aliyaona maneno yangu kabla hayajafutwa. Kwenye kundi, chini ya vile vikatuni vyenu, ujumbe wake wa mwisho bado uko: "Asante kaka, ngoja nijaribu."