Mgongo wa Kwenye Jalada

Jamani, bibi yangu Salama nusura aachwe kabla hajaolewa. Kisa? Mgongo.

Msicheke. Watu walilia siku ile.

Ilikuwa mwaka 1958, Kalemie yetu ikiitwa bado Albertville. Salama alikuwa mwali, kafungiwa ndani kwa shangazi yake, anapakwa manukato akingoja Ijumaa aolewe na Abedi. Na alimpenda Abedi mno, wala hafichi hadi leo.

Jumatano, treni ikaleta santuri mpya kwenye baa ya Anatole. Wimbo hakuna aliyeuulizia. Macho yote kwenye jalada!

Mwanamke kasimama ziwani, maji magotini, kawapa watu mgongo. Kanga kaifunga kiunoni. Juu hana kitu.

"Hii kanga ninaijua," mlevi mmoja akasema. "Majogoo mekundu. Njo yenyewe, ile Mama Mwavita alimupelekea mukwe wake!"

Basi. Habari ikafika sokoni kabla bia haijaisha.

Mama Mwavita alikuwa mama yake Abedi. Mtabwa kwa kabila, wa kule Moba, kaolewa na Waislamu wa ziwani, na kwa kushika heshima akawapita wenyewe. Akaingia baa, akamnyang'anya Anatole jalada, huyoo mpaka kwa shangazi.

"Iko wapi huyo mwali? Mwali gani mugongo wake unakaa ku baa?"

"Mama Mwavita, mutoto hatoki nje!" shangazi akajitetea.

"Sasa hatoki. Na mbele, kabla ya kufungiwa? Kanga si hii? Ndoa imekufa!"

Nyuma ya pazia Salama akasikia neno hilo. Alilia kwanza. Halafu akakasirika. Picha yenyewe hata hajaonyeshwa!

"Mama, samahani," akasema. "Ninaomba niione."

Shangazi akashika mdomo. Mwali kumsemesha mama mkwe? Toba!

Jalada likapitishwa chini ya pazia. Mara wakasikia mwali anacheka, na machozi bado anayapangusa.

"Shangazi, kuja utazame mugongo wangu."

Shangazi akaingia, akafunua. Mgongo laini, hauna hata kovu la upele. Wa kwenye picha ulikuwa na chale, safu kwa safu, kuanzia mabegani hadi kiunoni, ule ufundi wa zamani ambao wasichana wa mjini hawakuujua tena.

"Huyu wa picha ana chale," shangazi akatangaza akitoka na jalada mkononi. "Salama hana hata moja."

"Basi ni nani?" Mama Mwavita akafoka. "Nani mwingine ana kanga hii?"

Desturi kila mtu aliijua: mama mkwe huinunua doti ya Kigoma, akaikata. Kipande kimoja kwa mchumba wa mwanawe, cha pili anabaki nacho yeye.

Papa Maliki, mumewe, alikuwa amemfuata amtulize. Pale mlangoni akalipokea jalada, akalitazama, akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Mama Mwavita! Huu mugongo ninaujua sana. Kila tukigombana, njo huu unanipa kitandani!"

Kumbe! Chale Mama Mwavita alichanjwa na nyanya yake huko Moba angali kigoli, na kioo cha nyumbani kilitosha uso tu. Mgongo wake mwenyewe hajawahi kuuona! Kila asubuhi alioga ziwani na wenzake, na mpiga picha fulani alipita na mashua yake, hata hodi hakupiga.

Mama Mwavita akaketi chini. Akalisogeza jalada karibu na macho, akalikagua polepole.

"Maliki," akasema, "miaka yote hii nina mugongo muzuri hivi, na hukuniambia?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, mwali nyuma ya pazia ndiye aliyecheka kuliko wote.

Ijumaa ndoa ikafungwa. Mama Mwavita akaja na kipande chake cha majogoo, akamfunga Salama mabegani mbele ya watu wote. "Nilikukosea, mutoto wangu," akasema. Doti ikawa nzima tena.

Santuri iliisha kwa mikwaruzo zamani. Jalada bibi analo, kalitundika sebuleni.

Wazee walisema nyani haoni kundule. Mimi naongeza: kabla hujamhukumu mwenzio kwa mgongo, muulize kwanza mumeo huo wako ukoje.