Maana ya "Hatua Moja"

Siku yangu ya kwanza kazini nilitembea kutoka mtaa wa Gatwekera hadi ofisini, Barabara ya Ngong, viatu nilivyonunua soko la Toi vikinibana. Mkuu wa ofisi alikuwa wakili wa hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake. Alinipa ukurasa mmoja tu.

"Haya ndiyo madai ya hataza," alisema. "Ni kama fensi ya shamba. Jua inapita wapi. Usiisogeze."

Nilisoma sentensi moja hadi saa ya chai, nikaipenda kazi.

Miaka ilienda, mkuu akastaafu, nami nikakalia kiti chake. Ndipo akaja Mwende, fundi wa vifaa vya kusikia kutoka Kawangware, pamoja na mama yake aliyevaa kimoja sikioni. Kampuni kubwa ilikuwa imemshtaki Mwende kwamba ameiga saketi yake ya kuzidisha namba, ile inayokuza sauti ndani ya kifaa.

"Madam, wakishinda nafunga karakana," alisema. "Na hawa wazee, wateja wangu, nani atawatengenezea?"

Dai katika hataza ya kampuni lilisema saketi "inazidisha kwa hatua moja". Ya Mwende, ili isimalize betri, ilijumlisha, ikasogeza tarakimu, ikajumlisha tena, mpaka jibu likapatikana. Mbele ya baraza la hataza, wakili wa kampuni alishikilia kwamba hatua moja ni amri moja: ukishaamuru, yanayoendelea ndani hayahesabiwi.

Nikafungua maelezo ya uvumbuzi yaliyomo katika hataza hiyo, kwa kuwa dai husomwa pamoja nayo. Humo kampuni yenyewe ilijisifu kwamba saketi yake "haihitaji kujumlisha kwa kurudiarudia".

Mwenyekiti wa baraza akamgeukia wakili. "Nikikuambia panda ngazi mpaka juu, nimekuamuru mara moja. Utakuwa umepiga hatua moja?"

Wakili mwenyewe alicheka. "Hapana, Mheshimiwa."

Siku ya uamuzi, mwenyekiti alianza kusoma kwamba saketi ya Mwende iko nje ya dai. Kabla hajafika mwisho wa sentensi, mama mtu alipiga vigelegele.

"Mum, ngoja amalize!" Mwende alinong'ona.

"Nimesikia ya kutosha!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mwenyekiti akiwemo.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama kubishana miaka yote hiyo juu ya maneno mawili matatu hakukuniboesha. Nawaambia kazi yangu ilikuwa kusoma polepole, na jioni nyingi nilirudi nyumbani nikiimba.