Pamba Sikioni mwa Zaina

Juzi jirani alimwona mwanangu akitoka usaha sikioni, akaniambia, "Mzibe pamba, mama Rashidi, litakauka." Nilimfokea mpaka akaondoka.

Zamani, nikiwa bado msichana, mchana mmoja tulikuwa tukichuma pamba kwenye shamba la ujamaa, huko Kimamba. Sikio la mdogo wangu Zaina lilinuka kama samaki aliyeoza, watoto wakawa wanamkimbia.

"Mzibe mwenzio, asitutie aibu," bibi yetu aliniambia.

Nikanyofoa pamba, nikaitoa mbegu, nikaisindilia kwa kidole. Zaina akalia, "Dada, kunagonga ndani!"

"Nyamaza wewe. Ndiyo kupona huko."

Jioni sikio lilikuwa kavu, na bibi akanisifu mbele ya watu. Nyuma ya sikio palikuwa pamevimba, pana moto. Nilidhani ugonjwa unatoka. Sasa najua usaha ulikuwa unakula mfupa kuelekea ubongoni. Lakini nani angempeleka zahanati mtoto mwenye sikio kavu?

Zaina hakumaliza wiki. Msibani bibi alinikumbatia, akasema, "Ulimuuguza vizuri mdogo wako."

Nami nikajibu, "Ahsante, bibi."